Kipindi chako cha kwanza cha teknolojia: mwongozo kwa mwalimu tarajali

Kipindi changu cha kwanza cha projekta kilikuwa na slaidi 28. Nilikesha nikizitengeneza. Kilipokwisha, mwalimu mlezi wangu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na daftari mapajani, aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulipokuwa unabonyeza, wanafunzi walikuwa wanafanya nini?" Nikamjibu kwamba walikuwa wananakili. Akafunga daftari lake. "Basi kesho tuanzie hapo," akasema.

Mwongozo huu nao unaanzia hapo. Nimeuandika kwa ajili ya mwalimu tarajali aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, awe amepewa kompyuta na projekta, au hana chochote isipokuwa simu yake mwenyewe. Mara ya kwanza ufuate kwa mpangilio. Ukishazoea utajua zipi za kufupisha, ila hatua ya tatu usiiruke hata siku moja.

Hatua ya 1: Tafuta mahali chaki inapogota

Kompyuta iache kwanza. Chukua andalio la somo uliloandika kwa ajili ya ubao na chaki, ulisome mstari kwa mstari, na kila unapofika ujiulize: hapa, nikiwa na chaki tu, mwanafunzi atakwama? Sehemu nyingi hatakwama. Kueleza maana ya neno, kukokotoa mfano hatua kwa hatua, kuchora mchoro unaojengeka mbele ya macho yao, hayo yote ubao unayafanya vizuri kuliko slaidi, kwa sababu mwanafunzi anauona mkono wako ukifikiri.

Chaki inagota kwenye mambo machache. Kitu kinachotembea, kama moyo unavyosukuma damu. Kitu kidogo mno, kama seli, au kikubwa na cha mbali mno, kama mizunguko ya sayari. Jambo linalochukua siku nyingi, kama mbegu kuota, au linalopita kufumba na kufumbua. Jaribio la hatari. Sauti, hasa matamshi ya lugha ya kigeni. Na mifano mingi inayotakiwa ionekane kwa dakika chache. Ukikuta mojawapo kwenye andalio lako, tia alama pembeni. Usipokuta hata moja, kipindi hicho kifundishe kwa chaki bila wasiwasi, utafute mada nyingine.

Chuoni utakutana na herufi TPACK, kifupi cha Kiingereza cha ujuzi wa teknolojia, ufundishaji na maudhui ya somo. Watu wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakazisahau, na ni hasara, maana wazo lenyewe linasaidia sana. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba kujua somo ni jambo moja na kujua kufundisha ni jingine, na kwamba mwalimu anahitaji ujuzi wa tatu unaopatikana pale mawili hayo yanapokutana: ajue wanafunzi hukosea wapi kwenye mada hiyo hasa, na mfano upi huwafungua macho. Mwaka 2006 watafiti Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza teknolojia kwenye mchoro huohuo. Kwa lugha ya darasani maana yake ni hii: kujua kubonyeza hakutoshi. Unatakiwa ujue ubonyeze nini, kwa mada ipi, ili kurekebisha kosa lipi.

Hatua ya 2: Shika programu moja, uijue kwa vidole

Mwalimu mpya akifungua intaneti anakutana na programu mia, zote zinamwita. Chagua moja kwa muhula mzima.

Kwa hisabati, mimi hupendekeza GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001: unachora umbo, kisha unalivuta na vipimo vinabadilika papo hapo. Kwa fizikia na kemia kuna PhET, mradi wa majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ulioasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001, katika Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder. Humo mwanafunzi anaunganisha betri, nyaya na balbu, anaona mkondo unavyokwenda, na akikosea hakuna kinachoungua. Zote mbili unaweza kuzitumia bila malipo darasani, na zote zina namna ya kupakuliwa zikafanya kazi bila intaneti. Kwa masomo ya kusoma, programu ya Kiwix inakuwezesha kuihifadhi Wikipedia nzima kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu.

Na kama una simu tu? Simu ni zana kubwa kuliko tunavyoipa heshima. Inapiga picha ya kazi ya mwanafunzi ili darasa ijadili hatua zake. Inarekodi sauti, mwanafunzi akajisikia anavyosoma. Inapima muda wa jaribio. Inachukua video ya mpira unaodunda, ukaicheza polepole hadi kila mtu akaona unagusa wapi. Siku za mwanzo nilifundisha hivyo majuma mawili, na wanafunzi hawakukosa kitu.

Wala usidhani wingi wa vifaa ndio utakaokubeba. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo shuleni katika mpango wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), na tathmini iliyotoka mwaka 2012 haikuona ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda. Vifaa vilifika. Ila kufundisha hakukubadilika vya kutosha.

Ukishachagua, kaa na programu hiyo peke yako walau mara tatu. Mara ya kwanza cheza nayo. Mara ya pili fanya kila kitu utakachokifanya darasani, kwa mpangilio uleule. Mara ya tatu fanya huku unaongea kwa sauti, kana kwamba wanafunzi wapo. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokuonyesha kwamba huwezi kutafuta kitufe na kueleza hoja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Nenda chumbani kabla ya siku yenyewe

Nenda siku moja kabla, wanafunzi wakiwa wameondoka, na ubebe kila kitu utakachotumia. Unganisha kwa waya uleule utakaoutumia. Waya wa HDMI hupitisha picha na sauti. Wa VGA, ule wenye pini nyingi na skrubu mbili pembeni, hupitisha picha peke yake, kwa hiyo utahitaji spika pembeni. Ukishaunganisha na ukuta bado ni mtupu, kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha chagua picha ijirudie kwenye skrini zote mbili. Nimeona walimu wakizima na kuwasha projekta mara nne kwa kukosa kujua hili moja.

Ukitumia HDMI, sauti inaweza kuhamia kwenye projekta, na projekta nyingi sauti yake ni hafifu. Jaribu video yako ukiwa umesimama kwenye dawati la mwisho. Hapohapo dawati la mwisho, soma maandishi yako. Usiposoma wewe, hawatasoma wao. Angalia jua linaingilia dirisha gani saa ya kipindi chako. Mwanga ukipiga ukutani picha inakufa.

Video yoyote ipakue. Usitegemee mtandao wa saa hiyo. Zima arifa za ujumbe kwenye simu na kompyuta, kwa sababu ujumbe wa nyumbani ukijitokeza mbele ya watoto hamsini huwezi kuurudisha. Hakiki chaji. Nakili faili mahali pawili: kwenye kompyuta na kwenye flashi.

Hatua ya 4: Punguza slaidi, kisha punguza tena

Kosa langu la slaidi 28 ndilo kosa la walimu tarajali wengi: tunahamishia kitabu ukutani. Kisha tunasimama pembeni tunakisoma. Mwanafunzi analazimika kusoma na kusikiliza maneno yaleyale kwa pamoja, na viwili hivyo vinagombana. Richard Mayer, mwanasaikolojia aliyefanya majaribio mengi kuhusu kujifunza kwa maneno na picha, alionyesha kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha na maelezo ya mdomo kuliko kwa picha, maelezo ya mdomo na maneno hayohayo yameandikwa skrini nzima. Kwa hiyo ukutani weka picha, mchoro, swali au neno gumu. Maelezo yatoke kinywani mwako.

Mimi sasa najiwekea kikomo cha slaidi tano kwa kipindi, herufi zisizopungua ukubwa wa 28, maandishi meusi juu ya weupe au meupe juu ya weusi. Njano juu ya weupe haionekani kabisa. Na usitofautishe mambo kwa rangi nyekundu na kijani peke yake. Wapo wanafunzi, hasa wavulana, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo, na wengine hawajui kwamba wako hivyo. Ongeza herufi, mshale au mistari.

Kitufe kimoja ukijifunze leo: kwenye PowerPoint, slaidi zikiwa zinaonyeshwa, bonyeza herufi B na skrini inakuwa nyeusi. Ukibonyeza tena, inarudi. Ukitaka wakutazame wewe, bonyeza B. Ukitaka wajadiliane, bonyeza B. Skrini inayowaka huvuta macho hata kama haina jipya la kusema.

Hatua ya 5: Panga dakika, na uandike mwanafunzi atafanya nini

Kwenye andalio chora safu tatu: mwalimu anafanya nini, mwanafunzi anafanya nini, na umeme ukikatika tunafanya nini. Safu ya kati ikijaa "anasikiliza" na "anatazama", rudi hatua ya 1.

Hebu nikuonyeshe kipindi kimoja kwa karibu. Mada ni jumla ya pembe za ndani za pembetatu, dakika 40. Chaki inagota wapi? Kwenye neno "kila". Ubaoni nitachora pembetatu moja, pengine tatu, ilhali nataka waamini kwamba kila pembetatu ina jumla ya nyuzi 180.

Dakika 12 za mwanzo hakuna kinachowashwa. Kila mwanafunzi anachora pembetatu yake, umbo lolote alipendalo, anapima pembe kwa kipimapembe na kuzijumlisha. Majibu nayaandika ubaoni kama yalivyo: 178, 181, 180, 183, 179. Sifuti hata moja. Nauliza: pembetatu zenu hazifanani hata kidogo, mbona majibu yanakaribiana hivi?

Ndipo skrini inawashwa. Pembetatu moja, vipimo vitatu vya pembe. Kabla sijaigusa, wanatabiri kwenye madaftari: nikikivuta kipeo cha juu kwenda kulia, pembe ipi ya chini itakua, ipi itapungua, na jumla itakuwaje? Kisha nasubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza mazungumzo ya darasani, aligundua kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Skrini inaongeza haraka, kwa hiyo hesabu kimoyomoyo na vidole uvitoe kwenye kompyuta.

Ninapovuta, darasa zima linapiga kelele, maana pembetatu inakuwa nyembamba kama kisu na jumla haitetereki. Katika mkondo wa pili niliofundisha mada hii, msichana mmoja hakupiga kelele. Aliinua mkono akasema, "Mwalimu, ukijumlisha hapo hupati 180." Nikatazama. Nilikuwa nimeiweka programu ionyeshe tarakimu moja baada ya nukta, na ukutani palisomeka 52.3, 61.3 na 66.3. Jumla 179.9.

Nilitamani sana kuendelea mbele. Badala yake nikamwita ubaoni. Tuliongeza tarakimu: 52.34, 61.33, 66.33. Jumla 180 kamili. Programu ilikuwa imekadiria kila pembe peke yake, na vipande vidogo vilivyokatwa vikakusanyika. Dakika zile sita hazikuwa kwenye andalio, lakini darasa lile lilielewa makadirio kuliko lilivyoelewa siku nilipoyafundisha kwa mada yake. Na walijifunza kwamba kilichoandikwa kwenye skrini kinaruhusiwa kuulizwa.

Baada ya hapo naifunika lenzi ya projekta. Wanakata pembetatu za karatasi, wanachana kona tatu na kuzipanga pamoja kwenye mstari ulionyooka. Zinakaa sawasawa. Hiyo pia ndiyo safu yangu ya tatu: umeme ukikatika mapema, tunaanza karatasi mapema. Mwisho tunarudi ubaoni, nachora mstari sambamba na kitako cha pembetatu na tunatafuta sababu. Hili usiliache. Kuvuta pembetatu mara mia kunashawishi, lakini hakuthibitishi.

Kati ya dakika 40, skrini iliwaka dakika 17 siku ya yule msichana, na 11 katika mkondo wa kwanza.

Hatua ya 6: Wape nafasi ya kushika

Kompyuta zikiwa chache, watatu kwa kompyuta moja wanatosha, ila kila mmoja awe na kazi: mmoja anashika kipanya, mmoja anasoma maelekezo, mmoja anaandika matokeo. Badilisheni kila baada ya dakika tano, kwa saa, si kwa hisia. Usipofanya hivyo, mwenye kompyuta nyumbani atashika kipanya kipindi kizima na wenzake watamtazama. Ninayo kanuni moja ambayo wanafunzi wameipenda: anayejua anaruhusiwa kusema, haruhusiwi kugusa.

Kama hawana chochote mikononi, wape kadi nne za karatasi zenye herufi A, B, C na D. Uliza swali la kuchagua, wote wanyanyue kadi kwa mpigo mmoja, na utaona kwa kutazama tu wangapi wamepotea. Majibu yakigawanyika, usitoe jibu. Waambie kila mmoja amshawishi jirani yake, kisha wapige kura upya. Eric Mazur alianza kufundisha fizikia namna hii Harvard mwaka 1991. Kuna pia programu ya Plickers, ambayo kadi zake unazisoma kwa kamera ya simu yako moja, na matokeo ya kila mwanafunzi yanajiandika.

Hatua ya 7: Linda watoto wa watu

Usipige picha sura za wanafunzi ukazirusha kwenye kundi lolote, hata la walimu, bila ridhaa ya wazazi na idhini ya shule. Piga picha ya daftari, jina likiwa limefunikwa. Usiwafungulie watoto akaunti kwa kutumia majina yao kamili na tarehe za kuzaliwa. Nywila ya kompyuta ya shule usiiandike ubaoni.

Picha za kufundishia zitafute Wikimedia Commons, ambako zina leseni zinazokuruhusu kuzitumia, na umtaje aliyepiga.

Kuhusu akili mnemba: nitakwambia ninavyoitumia. Huiomba maswali kumi ya mazoezi, nachagua manne, nayakokotoa yote mwenyewe kwa kalamu. Imewahi kunipa swali la uwiano ambalo jibu lake lilikuwa si sahihi na maelezo yake yamenyooka kama ya profesa. Siiandikii jina la mwanafunzi, wala tatizo lake, wala alama zake. Watoto wadogo siwapi waitumie peke yao. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 ulipendekeza umri usiwe chini ya miaka 13.

Hatua ya 8: Omba uhesabiwe, kisha rudia

Kabla ya kipindi, usimwambie mwalimu mlezi "naomba unitazame." Atakutazama na atakwambia umejitahidi. Mpe kitu cha kuhesabu: "Mwalimu, naomba unihesabie wanafunzi wangapi tofauti wamezungumza, na skrini imewaka dakika ngapi." Tarakimu hazina aibu, na mtazungumza vizuri zaidi mkiwa nazo mezani.

Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika mistari mitatu: walipokwama, nilipopoteza muda, swali ambalo sikulitarajia. Kisha fundisha kipindi kilekile kwa mkondo mwingine ndani ya wiki hiyo, ukibadilisha jambo moja tu. Ukibadilisha matano hutajua lipi limesaidia.

Faili la kipindi lihifadhi kwa jina la mada na kidato au darasa, pamoja na andalio lake na ile mistari mitatu, vyote kwenye folda moja, na nakala moja uiweke mbali na kompyuta.